Dawa, Arudi Kazini

Maneno hayo matatu niliyaandika mimi, kwa kalamu ya bluu, kwenye daftari la wagonjwa la zahanati ya kikosi. Mgonjwa alikuwa kijana wa tepe moja, koplo usu, amesimama mbele ya meza yangu na mgongo ameukunja kidogo kama mtu aliyebeba ndoo. Alisema tumbo limemuuma usiku kucha, lilianzia kitovuni. Nikamuuliza kama anaharisha, akasema hapana. Joto lake 37.8. Nyuma yake palikuwa na watu kumi na wanne, na tangu alfajiri tulishaletewa ujumbe kutoka kombania kwamba siku hiyo kuna matembezi ya mzigo, kwa hiyo tujiandae kupokea wategaji, yaani wanaojifanya wagonjwa ili wakwepe kazi. Nikampa vidonge vya maumivu na vya kiungulia. Nikaandika: dawa, arudi kazini.

Saa tatu usiku wenzake walimleta wamembeba kwenye blanketi. Tumbo lilikuwa gumu kama ubao. Nilipobonyeza chini upande wa kulia na kuachia, alishika mkono wangu kwa nguvu hadi saa yangu ikakatika mkanda. Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka, na usaha ulishasambaa. Alikuwa ametembea kilomita kumi na nane na begi mgongoni.

Gari la wagonjwa halikuwepo. Lilikuwa limempeleka mkubwa mmoja mjini kupiga picha ya goti, goti lililokuwa likimsumbua tangu mwezi uliopita. Tulimpakia kijana kwenye lori la kubebea chakula, mimi nikakaa sakafuni nimeinua dripu kwa mkono, na barabara ile ina mashimo anayoyajua kila aliyepita pale. Alipona. Lakini alilala hospitali siku arobaini na tatu, mshono ukafumuka mara mbili, na nafasi yake ya kwenda kozi ikachukuliwa na mwingine.

Nimevaa kombati miaka ishirini na minne, yote nikiwa nesi, nikastaafu nikiwa sajinitaji. Watu wakinisikia nikizungumzia haki katika matibabu ya askari, wengi hushangaa. Kwani askari si wanatibiwa bure? Wana hospitali zao, wana madaktari wao. Ni kweli, na ni jambo jema, raia wengi hawana hata hilo. Ila nimejifunza kwamba dawa kuwa bure ni jambo moja, na mgonjwa kuifikia dawa hiyo kwa wakati ni jambo lingine. Kati ya askari na tabibu kuna watu.

Nieleze jinsi ilivyokuwa kwenye kikosi kile. Askari wa kawaida akiamka anaumwa, huanza kwa mkubwa wake wa karibu. Huyo humtazama, humuuliza, halafu ndipo amwandike. Orodha hupelekwa kwa sajenti meja wa kombania, naye huipitia. Mgonjwa anapofika kwenye meza ya nesi, ameshahukumiwa na watu wawili wasiojua tofauti ya gesi na kidole tumbo, na hukumu hiyo imemtangulia kwangu. Ofisa hapiti huko kabisa. Hupiga simu, nami hubeba mashine ya presha nikamfuata ofisini kwake. Nimeibeba mashine ile mara nyingi mno, nikipita pembeni ya foleni ya vijana waliokaa juani kwenye ukingo wa mfereji.

Nalo neno mtegaji lina nguvu kubwa jeshini kuliko raia wanavyodhani. Kijana akishaitwa mtegaji, jina hilo humfuata kutoka kikosi hadi kikosi. Wengi huona heri kuumia kimya kuliko kulipata. Wategaji wapo, sikatai. Nimewapokea waliosugua kwapa kwa kitunguu saumu ili joto lipande. Lakini piga hesabu. Nikidanganywa na mtegaji, jeshi linapoteza ED, ruhusa ya mgonjwa kutofanya kazi, ya siku moja. Nikimfukuza mgonjwa wa kweli, namrudisha kwenye lori la chakula akiwa na usaha tumboni. Hasara hizo mbili hazilingani hata kidogo, na mimi asubuhi ile nilifanya kana kwamba zinalingana.

Babu yangu mzaa mama alikuwa Keya, askari wa King's African Rifles, jeshi la mkoloni Mwingereza. Alipelekwa Burma mwaka 1944 pamoja na divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wakatembea bonde la Kabaw wakati wa mvua, mahali ambapo malaria na kuhara viliangusha watu kuliko risasi za Wajapani. Alikuwa akitusimulia vidonge vya njano walivyolazimishwa kumeza mbele ya sajenti, hadi ngozi na weupe wa macho vikabadilika rangi. Alitusimulia pia mahema mawili ya wagonjwa, moja la Wazungu na moja lao. Hakusimulia kwa uchungu. Alisema tu kwamba hema lao lilikuwa na dresa mmoja Mnyamwezi, mkono wake mwepesi, na kwamba yeye ndiye aliyewaponya. Walipoagwa vitani, kiinua mgongo cha Mwafrika na cha Mzungu hakikuwa sawa, na jambo hilo lilikuwa limeandikwa na kupangwa, halikuwa la bahati mbaya.

Kabla ya babu kulikuwa na wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918, ambao jina lao tunalitamka kila siku tukienda sokoni, maana Kariakoo imetokana na Carrier Corps, kikosi cha wachukuzi. Upande wa Waingereza peke yake walikufa zaidi ya 90,000, na wengi wao waliuawa na kuhara, kichomi na malaria, kwa chakula kibaya na kukosa blanketi. Pale kwenye Sanamu ya Askari, Dar es Salaam, wameandikwa kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Kila nikipita pale, macho yangu huenda kwenye maneno hayo. Miguu na mikono ilibeba risasi, ikabeba chakula, ikabeba na majeruhi kwenye machela, lakini yenyewe ikiugua haikuwa na wa kuibeba. Rangi imeondoka kwenye mahema yetu, namshukuru Mungu. Nilichokuja kukiona kazini ni kwamba mahali pale palipoachwa na rangi, cheo kinaweza kukaa kimyakimya bila mtu kushtuka.

Nilibadilishwa na Kongo. Nilikwenda kulinda amani Kivu Kaskazini, wakati ule Brigedi ya Kujibu Mashambulizi ina vikosi vya Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, kufuatia azimio namba 2098 la Baraza la Usalama la mwaka 2013. Kabla ya kuondoka tulipewa mafunzo ya majeruhi, na huko ndiko nilikosikia kwa mara ya kwanza ibara ya 12 ya Mkataba wa kwanza wa Geneva wa 1949. Inasema kwamba atakayetangulia kutibiwa atangulie kwa sababu ya uharaka wa hali yake tu, wala si kwa sababu nyingine yoyote. Na inawahusu hata majeruhi wa adui. Mkufunzi akatuambia kwamba zaidi ya miaka 200 iliyopita daktari wa jeshi la Napoleon, Larrey, alikuwa akianza na aliyeumia vibaya zaidi bila kutazama cheo. Niliketi pale nikamkumbuka koplo usu wangu. Sheria ilinitaka nimpe muasi aliyetekwa kitu ambacho sikumpa askari wa kikosi changu mwenyewe.

Siku moja lori lilipinduka kwenye utelezi, si mbali na kambi yetu. Tulipofika, meja mmoja alikuwa amekaa kwenye majani, mkono umevunjika, mfupa umechungulia. Kando yake askari kijana amelala, hana hata mchubuko, lakini midomo imepauka na mapigo ya moyo 130. Alikuwa anavuja damu ndani. Na mwanamke mmoja wa pale, mchuuzi wa mihogo, gurudumu lilimpitia mguuni juu ya goti. Helikopta iliyoitwa ilikuwa na nafasi ya machela mbili za kwenda Goma, kwenye hospitali kubwa ya walinda amani wa India.

Nilifunga kadi nyekundu kwa kijana, nyekundu kwa yule mama, na ya njano kwa meja. Mikono yangu ilitetemeka nilipofunga ile ya njano. Meja akaitazama.

"Sajenti, nani anasubiri?"

"Wewe, afande."

"Basi nasubiri."

Alisubiri saa tatu, mkono umefungwa kwa kipande cha boksi la maji ya kunywa, amenyamaza, jasho linamtiririka. Mume wa yule mchuuzi alikuja baadaye akanishika mikono yote miwili akiniita mama munganga, na sikuwa na neno la kumjibu, maana sifa zile hazikuwa zangu peke yangu.

Nimefikiri sana kwa nini siku ile mambo yalikwenda sawa. Meja yule alikuwa mtu mwema, ndiyo. Lakini wema wa mkubwa hauwezi kuwa mpango wa tiba. Kilichosaidia ni kwamba utaratibu ulikuwa umeandikwa kabla ya ajali. Tulikuwa na kanuni ya Umoja wa Mataifa ya kumi, moja, mbili: huduma ya kwanza ndani ya dakika 10, huduma ya kitaalamu ndani ya saa 1, upasuaji wa kuokoa maisha ndani ya saa 2. Kadi zetu hazikuwa na mstari wa kuandika cheo. Sikulazimika kuwa jasiri. Nililazimika kuwa mtiifu kwa kadi, na utii askari anaujua.

Huko huko Kongo walinijia askari wa kike watatu ndani ya wiki moja, wote na tatizo moja, mkojo unachoma, mgongo unauma, homa. Maambukizi ya njia ya mkojo. Nikawauliza kama wanakunywa maji. Wakatazamana. Halafu mmoja akasema, "Afande, tukinywa tutajisaidia wapi?" Msafara ulikuwa ukiondoka saa kumi na mbili asubuhi na barabara ilikuwa na waviziaji, magari hayasimami ovyo. Yakisimama, wanaume hugeukia gurudumu, dakika mbili wamemaliza. Wao, na fulana za kuzuia risasi juu yao, na jua, na vumbi, walikuwa wameacha kunywa maji tangu usiku wa jana yake. Nililia siku ile, baada ya wao kutoka.

Antibayotiki niliwapa. Lakini tiba hasa ilikuwa turubai na vijiti vinne vya kusimika nyuma ya gari la mwisho, na kituo kimoja katikati ya njia ambapo ulinzi unawekwa kwanza. Nilikwenda kwa kamanda mwenyewe. Alinisikiliza, akaagiza mchana huo huo, kisha akaniuliza kwa mshangao kwa nini hawakusema mapema. Nikamwambia kwamba wa kuambiwa alikuwa sajenti wa msafara, na kumwambia mbele ya vijana thelathini si jambo jepesi kwa binti wa miaka ishirini na tatu. Wote walikuwa wakipewa dakika zile zile mbili na fulana ile ile ya kuzuia risasi. Ukitazama karatasini, hapakuwa na ubaguzi wowote.

Desemba 7, 2017, nilikuwa nimesharudi nyumbani, habari za Semuliki zilipofika. Kambi ya walinzi wetu kwenye wilaya ya Beni ilishambuliwa, wakauawa Watanzania 15 na wengine zaidi ya 40 wakajeruhiwa. Kati ya waliokuwa kwenye orodha za zamu za vikosi vile kulikuwa na watoto niliowachoma sindano za homa ya manjano. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa uliotangazwa Machi 2018 ulisema wazi kwamba misheni haikuwa na mpango unaotekelezeka wa kuwaongezea nguvu na kuwaokoa askari wake, na ukataja kukosekana kwa nyenzo muhimu, usafiri wa anga ukiwemo. Nilisoma mstari ule wa usafiri wa anga mara nyingi. Saa moja, saa mbili: kanuni ile yote imejengwa juu ya mabawa ya helikopta, na askari wa nchi maskini, ambao ndio wengi katika kulinda amani, ndio wanaoisubiri.

Kuhusu majeraha yasiyoonekana nitasema kwa kifupi kwa sababu bado yananiumiza. Kwenye kikosi kimoja nilipata wagonjwa wawili mwaka mmoja, wote wamerudi kutoka kulinda amani, wote hawalali. Mmoja kapteni. Alipoanza kutetemeka kwenye vikao aliandikiwa rufaa ya kumwona daktari wa akili, akapewa mapumziko, akapona vizuri na leo ana cheo kikubwa. Mwingine askari wa kawaida. Alikuwa akilala chini ya kitanda, buti miguuni. Akaanza gongo. Akachelewa gwaride, akawekwa mahabusu ya kikosi, akatoka, akachelewa tena. Mimi nilimfahamu kwa sababu nilikwenda mahabusu kumfunga kidonda cha mkono, akaniomba kwa sauti ya chini nisizime taa nikitoka. Kiwewe kilikuwa kile kile. Kimoja kiliandikwa kwenye faili la matibabu na kingine kwenye faili la nidhamu.

Miaka yangu ya mwisho kazini nilikuwa msimamizi wa zahanati, na daktari niliyefanya naye kazi alikuwa msikivu. Tukafungua mlango wa nyuma kuanzia saa moja jioni, mtu aje bila kuandikwa na yeyote. Sajenti meja alilalamika kwamba nitaharibu nidhamu. Nilimwomba akae nasi jioni tatu, akakaa, na jioni ya pili aliona vijana wawili wakikohoa damu ambao hawakuwahi kutokea kwenye orodha yake. Hakulalamika tena. Vilevile nilichora safu mbili mpya kwenye daftari, kwa rula: saa maumivu yalipoanza, na saa mgonjwa alipofika. Ukifungua ukurasa wowote uliuona mwachano huo bila kuhesabu sana. Kwa maofisa ulikuwa wa saa chache. Kwa askari ulikuwa wa siku. Nilimpelekea mkuu wa kikosi daftari lenyewe, si ripoti, akapitisha kidole kwenye safu zile mbili kwa muda mrefu, akaagiza gari la wagonjwa lisitoke tena bila sahihi ya tabibu.

Sasa nimestaafu, ninaishi mtaa wenye wastaafu wengi, na nimegundua kwamba foleni ile inaendelea hata baada ya kuvua buti. Jirani yangu ni mzee wa vita vya Kagera. Alikuwa kwenye mizinga, ile iliyokuwa ikivurumisha makombora ambayo Waganda waliyaita saba saba, na alifika Kampala Aprili 1979. Hasikii. Ukimwamkia, hutazama midomo yako kwanza. Alikuwa akidhani ni uzee, hadi nilipomuuliza yalianza lini, akanijibu kama mtu anayekumbuka harusi yake: njiani, kabla ya Masaka.

Madai ya ulemavu uliotokana na kazi yanahitaji ushahidi kwamba ulitokana na kazi. Tulimpeleka kupima usikivu, grafu ikashuka vibaya upande wa sauti nyembamba, ndivyo masikio yaliyoharibiwa na mlipuko yanavyoonyesha, lakini grafu haitaji mwaka. Karani aliyetuhudumia alikuwa na adabu na hakuwa na la kufanya bila karatasi. Kwenye faili lake hapakuwa na kitu. Vita vile watu walitembea kwa miguu mamia ya kilomita, nani angekaa kujaza fomu?

Wiki iliyopita mkewe aliniletea mfuko wa rambo uliokuwa ndani ya sanduku, wenye hati ya ndoa, picha mbili, na vipande vya karatasi vilivyokunjwa hadi kukatika kwenye mikunjo. Tulivitandaza mezani kimoja kimoja, yeye mzee amekaa pembeni akitufuata kwa macho. Kimoja kilikuwa cha daftari la shule, kimeandikwa kwa penseli, na namba yake ya jeshi juu. Tabibu aliyekiandika simjui. Mwandiko wake umeinama kulia, wa mtu mwenye haraka. "Masikio yote damu. Mizinga. Dawa, arudi kazini." Na tarehe, Februari 1979.

Nilikisoma mara mbili. Mzee akanigusa begani, akauliza kwa sauti kubwa ile wanayoitumia wasiosikia:

"Imesomeka, mwanangu?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akakitwaa, akakiingiza kwenye bahasha safi niliyokuwa nimempa, akakilaza kati ya kurasa za msahafu wake. Jumanne tunakwenda nacho kwenye bodi ya madaktari, gari la saa kumi na moja alfajiri.